Nilimfungia Mama Mkwe Ndani

Bwana asifiwe, akina mama. Mkiniona nimesimama msidhani nimewaletea habari tamu. Lakini hii kitu nikikaa nayo tena, itanimaliza.

Mama mkwe wangu, namwita mwaitu kama mama aliyenizaa, naishi naye hapa Migwani tangu aanze ugonjwa wa kusahau. Mzee wangu, mwanawe, anafanya kazi Makindu, anakuja mwisho wa mwezi. Basi kiangazi hiki naamka na punda, naenda kuchimba maji kwa mchanga wa mto, narudi jua likiwa kali. Nikigeuka tu kuwasha moto, mwaitu amemwaga mtungi mzima shambani. "Nanyunyizia mboga," ananiambia. Ndugu zangu, mboga gani? Hapo hakuna hata jani!

Mara ya kwanza nilicheka. Baadaye nikawa napiga kelele. Siku moja nikamshika mabega nikamtikisa mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Jumapili nikalia hapa mbele, nikatubu. Jumanne nikamtikisa tena.

Nawaambia ukweli, nilimkasirikia Mungu. Nafunga, naomba, naongoza maombi yenu ya Alhamisi, na hasira iko palepale! Nikimwambia mtu nimechoka, ananijibu, "Dada, wewe omba tu." Kwani nilikuwa nafanya nini? Mwisho nikanunua kufuli. Nikienda maji, hata nikija maombi, namfungia ndani. Nilijiambia ni kwa usalama wake. Uongo. Nilitaka maji yangu.

Alhamisi moja kufuli haikushika vizuri. Tuko katikati ya maombi, tukaambiwa mwaitu ameonekana sokoni. Mnakumbuka, tulienda wote. Tukamkuta kwa duka la nafaka, hana viatu. Nikamwambia, "Mwaitu, twende nyumbani." Akajificha nyuma ya mwenye duka.

"Sitaki kwenda na huyu. Huyu ananifungia."

Mmoja wenu akasema, "Maskini, hajui anachosema."

Ningenyamaza tu, mambo yangeisha. Lakini mdomo ukafunguka wenyewe. "Anajua. Namfungia. Na nimemtikisa."

Wengine mlinigeuzia mgongo, na mlikuwa na haki. Lakini mama mmoja, sitamtaja, akaniuliza, "Na wewe, nani anakusaidia?" Nililia pale kati ya magunia kama mtoto.

Kesho yake mlikuja wawili kwangu. Tangu siku hiyo, nikienda maji kuna mtu anakaa na mwaitu. Kufuli nilitupa kwa choo. Mzee wangu nilimweleza kwa simu. Siku hizi anakuja kila wiki.

Hasira haijaisha. Juzi ilinipanda, nikatoka nje nikampigia mmoja wenu, akaja mbio na unga mikononi. Asanteni. Mungu nilikuwa namwambia kila kitu, na nyinyi nawaficha, halafu nashangaa kwa nini hanisaidii. Kumbe mikono yake ilikuwa imekaa na mimi hapa kila Alhamisi. Kama kuna mwingine anaongoza maombi na nyumbani kumeharibika, aseme.

Mwaitu nilimwomba msamaha. Akaniuliza, "Kwani ulinifanyia nini?" Nikamweleza yote, hata kufuli. Akanishika mkono, akanisamehe. Asubuhi alikuwa hakumbuki neno hata moja.

Yeye amesahau, akina mama. Mimi msiniache nisahau.