Mpiga Ngoma wa Miguu Minne

Nje ya kibanda cha Stambuli, fundi redio wa Chaani, pana benchi lililobeba maneno mengi kuliko makalio. Mwaka huo wa tisini na moja, tangu Idi ipite, maneno yote yalikuwa ya kaseti moja ya thrash, magitaa ya kukwaruza na ngoma za kukata pumzi. Khatibu, karani wa bandarini tuliyemzoea kwa jina la Santuri kwa kurudia-rudia maneno, alibadilishana na baharia, akatoa kikoi akapewa kaseti. Wiki hiyohiyo Stambuli, ndiye Injinia, aliifufua redio kaseti yake kuukuu kwa mota aliyoing'oa kwenye mashine nyingine, na haikuonja kaseti nyingine tena. Aliyeumia ni Gershom, mtaani wakimwita Kwato, mpiga ngoma wa bendi ya vijana. Wenzake walitaka wimbo wa kwanza wa kaseti hiyo upigwe ukumbini Jumamosi, naye kwa wiki tatu alishindwa kuufikia mwendo wake mpaka goti likavimba. Leo alikuja na vijiti mfukoni, anywe kahawa, kisha aende kumwachia Erastus, kijana aliyetaka kupiga ngoma mahali pake, vijiti na kiti. Roho ilimuuma, asikwambie mtu.

— Sikiza hapo! Khatibu aliinua kikombe. Hiyo si miguu miwili. Wapiga ngoma ni wawili. Kidole kimoja hakivunji chawa.

— Jalada limeandika mmoja, Gershom alisema.

— Jalada! Karatasi haikatai wino.

Stambuli alisogeza sikio kwenye spika.

— Siri iko kwa amplifaya. Gitaa laliaje jembamba vile? Spika wameipasua kwa wembe, kusudi. Na nyuzi wamezikaza mpaka zaomba msamaha.

— Na besi iko wapi? Wiki tatu naitafuta.

— Mpiga besi aligombana na fundi mitambo, akazimwa. Mambo ya studio hayo, Kwato.

— Studio gani? Khatibu alidakia. Hawa walirekodi ndani ya tangi la mafuta, mfano wa haya yetu ya Changamwe. Tangi tupu! Wahenga walishasema, debe tupu haliachi kuvuma.

— Methali hiyo yakuhusu wewe, Santuri, Stambuli alicheka.

— Cheka tu. Na mpiga ngoma, wallahi, wamemsimamisha juu ya bati la moto. Yuwapiga mbio kwa sababu akipunguza, aungua.

Gershom hakucheka. Alikwisha kujaribu na viatu, akajaribu pekupeku, hata kanyagio la ngoma kubwa akalifunga springi ya tandiko la baiskeli. Goti ndilo lililojibu.

— Mwanangu, achana nayo, alisema Mzee Mwinyihaji, muuza kahawa, akimjazia kikombe. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Hapo akafika Bi Barke, jirani yao muuza mahamri, na kaseti mkononi.

— Shikamoo, Bi Barke.

— Marahaba, wanangu. Injinia, nitilie hii nisikie kidogo. Ni ya harusi ya mdogo wangu, mamangu aliimba.

Stambuli aliitoa thrash, akatia harusi. Matari yakaanza kukimbizana kama yanafukuzwa na askari. Kisha ikatoka sauti nyembamba ya kitoto, inaimba mbiombio. Bi Barke alishika kiuno.

— Huyu ni nani?

— Si mamako?

— Mamangu? Mamangu ana sauti nzito, akibisha hodi watu hujibu "Karibu, mzee". Amekuwa mtoto lini?

— Kaseti yako imeharibika, Bi Barke. Joto.

— Jana usiku niliisikiza kwa redio ya jirani yangu Kahaso, ilikuwa sawa. Aliitazama ile kaseti ya thrash iliyolala juu ya meza. Na hii yenu inayowagombanisha kila siku, mmeshaisikia kwa redio gani nyingine?

Khatibu, aliyekuwa na jibu la tangi, la bati na la wapiga ngoma wawili, aliangalia ndani ya kikombe chake. Stambuli aliitazama redio, akatazama bisibisi, akatazama barabara.

Gershom alihisi kifua kikimfunguka, na hasira zikaingia palepale. Wiki tatu amelala na kitambaa cha maji moto gotini kwa ajili ya mota inayozungusha kaseti mbio kupita kiasi!

— Injinia, ing'oe hiyo mota.

— Nikiing'oa, redio itanyamaza. Sina nyingine.

— Inyamaze.

— Na mwendo wenyewe tutaujuaje?

Gershom alivitoa vijiti mfukoni. Akaanza kugonga ukingo wa benchi: ule wimbo wa kwanza, mbio bado, lakini mbio za mtu mwenye miguu miwili. Bi Barke akatikisa kichwa kuufuata. Mzee Mwinyihaji aliinamisha dele la kahawa, likatoka tone moja.

— Kahawa imekwisha, alisema.

— Na Erastus je? Khatibu aliuliza. Si yuwakungoja?

— Mwambie aje Jumamosi, Gershom alisema, bila kuacha kugonga. Aje kusikiliza.