Kaka Nontu Hapingwi

Baraza ya saruji mbele ya kibanda cha Haru muuza chai, hapa mtaani Bagbazar, iliishi kwa ubishi. Siku hizi imepoa, na sifichi, naikumbuka ilivyokuwa. Moyo wa Kaka Nontu ulichoka kusukuma damu, madaktari wakampandikiza mashine chini ya ngozi ya kifua, ya kuushtua ukienda kombo. Msimu wa mvua uliopita alikuwa akibishana na Bultu kuhusu mpira, mashine ikampiga, akaanguka chini na chai yake. Alipona. Ila tangu siku ile tumeafikiana kuwa Kaka Nontu hapingwi.

Kila mtu ana nadharia yake. Haru anashikilia kwamba mashine ina sikio, ikisikia neno “hapana” inapiga. Bultu akaongeza kuwa inahisi hata ukipinga moyoni. Mimi nikasema inanusa hasira, tukazima redio wakati wa taarifa ya habari.

Jana jioni Kaka Nontu alikuja polepole, akipumzika kila mlango. Tukampisha. Akashika kikombe chake cha udongo, akatutazama mmoja mmoja.

— Samaki ilish wa Mto Padma hana mpinzani. Huyo wenu wa Mto Ganga ni maji matupu.

Bultu, aliyemtetea ilish wa Ganga tangu anaota meno, aliinamia chai yake.

— Kweli, kaka.

— Basi nimekosea. Wa Ganga ndiye mtamu.

— Hapo pia umesema kweli, kaka.

Kaka Nontu aliweka kikombe chini. Macho yalikuwa yamemlowa.

— Mke wangu Shefali alikuwa ananipinga kuanzia chai ya asubuhi mpaka tunashusha chandarua. Tangu afariki, nyumba nzima inanikubalia. Nikawa nakuja hapa nipate wa kuniambia sijui kitu. Nimewakumbuka, jamani, na mmekaa hapa hapa.

Ratna, mpangaji mpya wa ghorofani, alikuwa amesimama akingoja chupa yake ijazwe chai.

— Kwani daktari alimkataza kubishana?

Haru alimtazama Bultu, Bultu akanitazama mimi. Katika nadharia zetu zote, hakuna aliyekuwa ameuliza.

— Mimi nilikatazwa chumvi, alisema Kaka Nontu.

Bultu alisogeza kikombe chake kando. Tangu siku ile ya mpira alikuwa anaamini ni yeye aliyekaribia kumuua.

— Ilish wa Padma ni miba mitupu, alisema kwa sauti ndogo. Na wewe, kaka, samaki huwajui.

Kaka Nontu aliweka kiganja kifuani. Tukangoja. Haru aliacha maziwa yakafurika jikoni. Mashine ilitulia tuli.

— Rudia, alisema Kaka Nontu.