Mafuta Yenye Ilifika ku Roho

Kaeni, kaeni. Leo musinipigie mikono. Mara ya mwisho nilisimama hapa mulinipigia mikono mupaka vumbi ikapanda, na nilikuwa nawadanganya. Nimekuja kuondoa ile uongo mahali nilikuwa nimeiweka.

Munanijua. Miye njo yule papa wa fromaji, ile jibini ya maziwa ya ngombe, mwenye alikuwa anatembea tumbo mbele, kichwa nyuma. Batoto balikuwa banasema tumbo yangu inafika kanisani ya kwanza, kisha miye nafika. Nilikuwa nawasikia, na nafurahi. Fikirieni muntu muzima, na mvi ku kichwa, anafurahia tumbo!

Ndugu zangu, niwaambie vile nilikuwa nakula. Asubuhi, maziwa, na ile ngozi yake ya juu nilikuwa naikamata na vidole mbele batoto baamuke. Kisha fromaji, siyo ile ya kuuzisha, ile nono. Muchana, bugali na sombe ya majani ya muhogo, na kama mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya mawese, haielei juu, namurudishia mama ya batoto sahani. Siku ya soko, nguruwe. Bengine bakule nyama, miye nakamata ngozi na mafuta yake, na nasema mafuta njo chakula ya bakubwa. Mama ya batoto yangu aliniambia mara moja, "Papa, siku hizi unapumua sana ku kilima." Nilimujibu, "Ngombe pia inapumua, na njo inatulisha." Hakurudia. Akili yangu yote ilikuwa imehamia mu mudomo.

Na bantu bakonde, niliwazarau. Munakumbuka vile badeplase balifika, bale ndugu benye vita iliwafukuza kwabo, bakajenga bibanda nyuma ya kanisa. Balikuwa banakula bugali na lengalenga ya kuchemusha, na chumvi kidogo. Nilisema: hii mikono sawa mabua ya mahindi itabeba nini? Mama mumoja kati yabo alikuwa anakaa ku kiti ya mbele juu ya kukosa kusikia vizuri. Nilimurudisha nyuma. Sikumuambia hata neno, nilimuonyesha na kidole.

Basi, nikaenda Goma kuuzisha fromaji. Kizunguzungu ikanikamata mu soko, bakanipeleka kwa dokta. Bakakamata damu, labo ikapima. Dokta, kijana mupole, akaniita na karatasi mu mukono. Nakumbuka kila neno: "Papa, mafuta imejaa mu damu yako. Na hii mafuta iko inaenda kugusa roho."

Sasa, ninyi munajua Kiswahili yetu. Roho ni ile inapiga mu kifua, na Roho ni yule tunamuimbia hapa. Mafuta ni ile ya ngazi, na mafuta ni ile Pasta anatupaka ku kichwa. Dokta alisema ugonjwa. Miye nilisikia upako.

Ao niseme ukweli, juu ile njo nimefuata hapa. Yule kijana alinielezea yote. Alinipa mupaka jina yake ya kizungu, kolesteroli. Alisema inagandama mu mishipa sawa vile mafuta inagandama mu sufuria ikipoa, njia ya damu inakuwa ndogo, na roho, ile ya kifua, inakosa damu. Alinipa dawa, binini ya kumeza kila siku. Alisema nipunguze ngozi ya nguruwe, mafuta ya ngazi na maziwa nono. Sikuwa kiziwi. Nilisikia. Lakini mu gari ya kurudi nilianza kuchagua, na nikachagua kipande yenye inanisifu. Mbele tufike Mweso, karibu na kwetu, binini ilikuwa chini kabisa ya mufuko, na upako ilikuwa juu.

Siku ya Mungu yenye ilifuata, nilisimama hapa hapa. "Labo ya Goma imepima damu yangu, imekuta mafuta! Bamuganga benyewe bameshangaa! Mafuta imefika ku roho!" Na ninyi mukaitika amina. Kati yenu iko balimu, iko bantu benye kusoma magazeti, na hakuna hata mumoja aliuliza, "Mafuta gani, papa?" Bakanipa kiti pembeni ya Pasta. Usinikasirikie, Pasta, hata weye ile habari ulikuwa umeipenda. Nilipofika nyumbani, nikatupa binini mu choo. Muntu wa upako atameza binini ya nini?

Miezi michache ikapita. Munajua mahali nilianguka: pale, pembeni ya ngoma, mu kati ya ibada. Nilikuwa nacheza na kwaya. Kintu ikanikalia mu kifua. Sisemi iliniuma, nasema ilinikalia, sawa ngombe imenilalia. Mukono ya kushoto ikakufa. Jasho ya baridi ikanitoka, nikaenda chini.

Na ninyi mukaimba.

Musiangalie chini, muliimba. "Mafuta imemushukia!" Mupiga ngoma akaongeza nguvu. Miye niko chini, nakula vumbi, nataka kusema nakufa, sauti haitoki, na juu yangu haleluya inapanda. Nawaambia, niliogopa kuliko siku yote ya vita. Ni kitu ya kutisha sana kufa mu kati ya bantu benye banafurahi. Na mubaya zaidi, nilijua ni miye niliwafundisha. Ile upumbavu yote ilikuwa yangu, ninyi mulikuwa munaiitikia tu.

Mwenye alinyamazisha ngoma ni yule mama nilikuwa nimerudisha nyuma. Juu hasikii vizuri, nyimbo yenu haikumudanganya. Aliniangalia mudomo, akaona rangi yake inageuka. Akakuja mbele, akasukuma benye kucheza, akapiga kelele: "Munaimbia maiti? Huyu papa iko anakufa! Leteni kipoyi!"

Kipoyi, kitanda ya kubebea mugonjwa, haikuwa. Ndugu bane kati ya badeplase, bale ba mikono ya mabua, bakakimbia nyuma ya kanisa, bakangoa miti ya kibanda yabo, bakafungia blanketi, bakanilalisha. Gari haikuwa ku barabara. Bakanibeba na miguu, banapokezana, mupaka lopitalo ya Mweso. Nilikuwa mulegevu, lakini masikio ilikuwa inafanya kazi. Mumoja aliuliza, "Huyu papa banamulishaga nini?" Mwengine akajibu, "Chakula yetu yote." Bakacheka, na hawakuniangusha. Ile siku mvua ikanyesha. Batoto yabo balilowana, juu nyumba yabo ilikuwa imekuwa kitanda yangu.

Ku lopitalo, muganga mumoja, mama mufupi, alinipokea. Nilipoanza kupata sauti, akaniuliza, "Ile dawa ya Goma unamezaga?"

"Nilitupa."

"Juu ya nini?"

Nikamuelezea habari ya upako. Ningependa acheke. Hakucheka. Alisema, "Papa, Mungu akitaka kukupaka mafuta, anajua kichwa yako iko wapi. Hawezi kupitisha mu nguruwe."

Haya, ile aibu, njo ilinivunja. Nilikuwa nimelala pale, muntu mukubwa wa fromaji, na nililia sawa mutoto. Sikulia juu ya maumivu. Nililia haya.

Sasa nameza kinini yangu kila siku. Roho iliumia, haitarudi sawa zamani, na nitameza mupaka mwisho. Kilima napanda pole pole, lakini napanda. Mama ya batoto yangu anapima mafuta ya sombe na kijiko. Siku ya kwanza nilitaka kurudisha sahani, nikaangalia mukono yangu, nikaipatia haya, ikakaa. Labo imepima tena, mafuta imeshuka. Na musijidanganye na tumbo zenu ndogo: yule muganga anasema hata mukonde anaweza kuwa nayo, na haiumi mupaka siku inakuangusha. Hauwezi kuiona. Inaonekana ku labo tu.

Asante, mama ya batoto yangu, hukuniambia hata siku moja "nilikuambia." Asante, ndugu bane. Ile miti ya kibanda nilisimamisha tena na mikono yangu, na mulinicheka vile ninashika nyundo, na ilikuwa haki yenu. Na weye mama, nasema kwa nguvu usikie: ile kiti pembeni ya Pasta ni yako. Kaa. Hii mara nakuonyesha na mukono yote.

Lakini shukrani haikuwa kazi yangu yote. Iko ndugu mumoja humu ndani, sitamutaja. Kisha ushuhuda yangu ya kwanza, yeye pia alipimwa, bakamukuta mafuta. Akafurahi, akasema, "Miye pia, sawa papa wa fromaji!" Binini yake iko juu ya kabati, mufuko haijafunguliwa. Akipanda kilima anasimama mara tatu, anasema iko anangojea bengine. Sasa hivi ameweka kitabu ya nyimbo mbele ya uso.

Ndugu, nilikudanganya. Haikuwa upako, ilikuwa ngozi ya nguruwe. Ukianguka hapa, hawa bataimba, nawajua. Kipoyi tumeitengeneza, iko nyuma ya mulango, na sitaki kukubeba juu yake. Kesho asubuhi naenda Mweso kupimwa, na nitapita kwako tuende pamoja. Usiniitikie amina. Nitasimama ku mulango yako mupaka nisikie ile mufuko inafunguka.