Mama Spana na Vali Namba Saba

Ifikapo tarehe 30 mwezi huu, Mama Spana atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu ya kufungua na kufunga maji ya mji huu, na siku hiyohiyo atastaafu. Idara yetu ina wahandisi sita, ramani kumi na nne na kompyuta mbili, lakini sisi wa stoo tunajua kwamba maji hayatoki mpaka yeye ainame.

Alikuwa mwanamke wa kwanza kuajiriwa kwenye kikosi cha vali. Stoo ilikuwa na ovaroli za saizi moja tu, ya kutosha mtu na nusu. Akaikunja mikono mara nne, akajifunga kamba kiunoni, akaenda kazini. Wenzake walimpa wiki mbili awe amekimbia. Wote wamestaafu kabla yake, na mmoja alimwachia spana kubwa ambayo mpaka leo hakuna mwingine anayeruhusiwa hata kuipangusa.

Ni mcheshi, ila hana subira na wanaolalamika kwamba maji yamekatika, kana kwamba maji yana akili yake yenyewe. Huwasahihisha palepale: hayajakatika, yamefungwa, na aliyeyafunga ni mimi, haya sema shida yako.

Wasifu huu hauwezi kukwepa habari za vali namba saba, ile inayopeleka maji mtaa wa juu. Kwa ratiba ya zamani ilitakiwa kufunguliwa saa kumi alfajiri, wakati mtaa wa chini umelala na presha iko juu. Kwenye karatasi, mpango ulikuwa safi kabisa. Walioamka kwenda kuchota ni wasichana, na njia yao ilipita katikati ya nyumba zilizoachwa bila kumalizwa. Siku moja mmoja wao alirudi bila ndoo, mkono wa gauni umechanika. Mama yake alikuja ofisini, akajibiwa kwamba hilo ni suala la polisi, sisi tunashughulika na mabomba.

Kuanzia kesho yake vali namba saba ikaugua. Kitabu cha zamu kina mwandiko wa Mama Spana: "Imekaza. Inangoja jua." Siku iliyofuata: "Imekaza tena." Stoo ilitoa makopo manne ya grisi. Mafundi waliotumwa kuikagua mchana waliifungua bila shida, naye akawaambia kuwa ndivyo ilivyo, mchana haina neno, kiburi chake ni cha alfajiri. Kwa miezi minane mtaa wa juu ulipata maji saa kumi jioni, na ili presha itoshe, mtaa wa chini ulifungiwa kimyakimya.

Siri ilifichuka siku maji yalipomwishia mke wa mhandisi mkuu, mkazi wa mtaa wa chini, akiwa na povu tele kichwani. Mhandisi aliacha gari barabarani, akapanda kwa miguu mpaka kwenye vali. Alimkuta Mama Spana amekaa juu ya mfuniko wa chemba, na pembeni wasichana wenye sare za shule wako kwenye foleni ya bomba, wengine wakifanya hesabu za darasani juu ya ndoo. Akatangaza kwamba kesho alfajiri ataifungua mwenyewe, na ikifunguka, mtu atafukuzwa kazi.

"Sawa, mwanangu," akajibiwa. "Gari uliache palepale, upite wanapopita wao."

Alfajiri mhandisi alikuja, amejifunika koti refu la mvua, kofia mpaka usoni. Alipofika kwenye zile nyumba, sauti ya kiume ikamwita: dada, mbona haraka, njoo tukusaidie kubeba. Kisha hatua zikaanza kumfuata. Mhandisi mkuu, mwanamume wa kilo tisini na shahada mbili, alifika kwenye vali mbio, kiatu kimoja kimebaki njiani. Vali ilifunguka kwa vidole viwili. Mama Spana akasimama kusubiri kufukuzwa. Mhandisi alihema, akahema, halafu akauliza wale ni akina nani. Akajibiwa kwamba hilo ni suala la polisi, sisi tunashughulika na mabomba.

Polisi waliitwa asubuhi hiyo, na ratiba mpya ikatoka kabla ya chai ya saa nne. Mtaa wa juu jioni, mtaa wa chini alfajiri, kwa sababu wa chini wana matangi, na tangi haliogopi giza. Mama Spana alipewa barua ya onyo kwa kutoa taarifa zisizo za kweli kuhusu vali. Ameitia fremu, iko sebuleni kwake. Ni miaka kumi na moja sasa, na hakuna mama mwingine aliyekuja ofisini kwa shida ile.

Hafla ya kumuaga ilipangwa saa kumi jioni. Mstaafu alijibu kwa maandishi kwamba saa hiyo ana kazi. Tumeirudisha nyuma hadi saa saba mchana, na wenye hotuba ndefu wajue kwamba saa tisa na nusu anaondoka; zawadi tutamkabidhi njiani ikibidi.

Mama Spana, ahsante kwa kila ulichofungua, na zaidi kwa ulichokataa kufungua. Tunakutakia alfajiri nyingi za kulala mpaka jua likuchoshe.