Risala ya Wazazi wa Watoto Waliogongewa Muhuri wa MZITO

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Afisa Elimu; Mwalimu Mkuu, walimu wetu na wazazi wenzetu, salamu kwenu nyote.

Karibu

Tumefurahi umefika, ingawa sisi wa mkondo wa pili tumepangiwa viti vya nyuma, karibu na choo. Tumeshazoea. Risala hii inasomwa na fundi cherehani, mama wa mapacha, kwa sababu wenzake wameona haya kusimama.

Tulikotoka

Shule hii ina mihuri miwili ya ripoti: MWEPESI na MZITO. Ilichongwa kuwapunguzia walimu kazi ya kuandika. Watoto wetu walipimwa siku moja tu, wakiwa na miaka sita, wengine wanalilia kurudi nyumbani. Tangu siku hiyo wakawekwa mkondo wa pili, wakawa wanagongewa MZITO kila muhula. Na sisi, tusikufiche, tuliamini. Tuliacha kukagua madaftari. Tulisema mbele yao, "Huyu hana kichwa cha shule, kafuata upande wa baba yake," tukacheka.

Mafanikio

Tunalo moja. Walipokuwa darasa la nne, muhuri wa MZITO ulipotea. Karani alikuwa na haraka ya kufunga shule, akawagongea wote MWEPESI. Laiti ungeona, mgeni rasmi! Mapacha walilala na ripoti zao kitandani. Baba yao, ambaye hajawahi kushika daftari lao, akavuta kiti: "Hebu nionyesheni hizo hesabu."

Muhula uliofuata hata mwalimu alianza kuwauliza maswali, na akiwauliza anawasubiri wajibu. Watoto kumi na tisa kati ya thelathini na wawili waliupita wastani wa mkondo wa kwanza.

Kisha muhuri ukaonekana, nyuma ya kabati la chaki.

Changamoto

Karani aliagizwa kuzirekebisha ripoti zote. Mwalimu akaacha kuwauliza, nasi tukarudia maneno yetu ya zamani. Haikupita miezi mitatu alama zikaporomoka. Sasa wako darasa la saba, na shule imeamua kwamba mwenye MZITO hatafanya mtihani wa kumaliza, asije akaishusha shule. Siku hiyo watafyeka uwanja.

Ombi

Tulikuwa na maombi matatu, mawili tumeyaacha. Leo unatia saini orodha ya watahiniwa. Tunakuomba uwaingize watoto wetu, wote thelathini na wawili.

Ila hatutaki kukudanganya. Jana tuliwaita tukawaambia tutawaombea kwako. Tulidhani watashangilia. Wakatazamana, halafu pacha mmoja akasema, "Mama, msituaibishe mbele ya mgeni. Sisi hatuna kichwa cha shule."

Maneno hayo aliyasikia kwetu.

Waandike hivyo hivyo, mgeni rasmi, hata kama wamekataa.

Mwenyezi Mungu auongoze mkono wako utakaposhika kalamu, akurudishe kwako salama, na atusamehe sisi.

Ni sisi,
Wazazi wa Darasa la Saba, Mkondo wa Pili.