Melkiori wa Mtaa wa Sikukuu na Kopo Lisilovuja

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana. Kama una sufuria jikoni, punguza moto kidogo, usogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka Melkiori, fundi bati wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Melkiori alifariki Jumanne iliyopita nyumbani kwake Mchafukoge, baada ya kuugua kifua wiki tatu. Alikuwa na miaka hamsini na miwili.

Wengi wenu hamkumjua kwa jina. Lakini kama mlinunua ndoo, faneli au kibatari Kariakoo katika miaka hii kumi na mitano, huenda mna kitu chake ndani ya nyumba. Mimi ninacho kibatari chake, na mke wangu anakisifu kuliko anavyonisifu mimi.

Melkiori alitoka Rombo akiwa kijana, akajifunza hapa mjini kukata bati na kulehemu. Alikuwa na sheria moja. Chombo hakitoki mezani kwake mpaka kimezamishwa kwenye ndoo ya maji. Kikitoa hata kiputo kimoja, kinarudi motoni. Kitu cha Melkiori hakivuji. Nasema tena, hakivuji. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake, na aliijivunia waziwazi.

Sasa sikilizeni habari ya kopo.

Mnaukumbuka mwaka themanini na moja. Spea hakuna, oili ya gari hakuna, sabuni yenyewe kwa foleni. Injini nyingi za mjini zilikuwa zimechoka. Injini iliyochoka hutema oili pamoja na moshi kupitia bomba lake la kupumulia, plagi zinachafuka, na gari linafuka njia nzima. Dereva mmoja wa lori la bandarini akamweleza Melkiori dawa aliyoiona kwa wenzake. Unachukua kopo tupu la maziwa ya unga, unaliunganisha na lile bomba. Ndani unashindilia waya wa kusugulia sufuria. Moshi ukipita, oili inanasa kwenye waya na kudondoka chini. Jioni unafungua kizibo cha chini, unaikinga, unaichuja, unairudisha kwenye injini.

Melkiori alitengeneza makopo kumi na matatu. Yote kumi na matatu yalifanya kazi. Kopo la kumi na nne lilikuwa la rafiki yake, Bakili.

Bakili ni mtu wa Masasi, anakaa Magomeni. Aliendesha magari ya watu miaka kumi na moja mpaka akapata Pijo yake mwenyewe, kuukuu, akaifanya teksi. Watoto watano walikula kwa gari lile. Kila asubuhi alipita kunywa chai na Melkiori kabla ya kuanza kazi.

Kwa hiyo Melkiori alitaka kumfanyia rafiki yake kitu bora. Makopo mengine aliyafunga kila moja kwa mfuniko wake, akaukandamiza kwa mkono basi. La Bakili akalilehemu mfuniko pande zote. Akaziba bomba kwa kidole, akalizamisha kwenye ndoo. Halikutoa kiputo hata kimoja. Akalifunga kwenye gari kwa mikono yake, na Bakili akamshukuru sana.

Siku ya tatu, Bakili akitoka Magomeni, injini ilinoki pale Jangwani, ikakwama kabisa. Oili yote ilikuwa imemwagika barabarani. Mafundi wakaifungua, wakasema sili ya nyuma, mpira unaozuia oili isitoke, imesukumwa nje, gari ni zee, ndiyo mambo ya magari mazee. Bakili akakubali. Akaenda kwa Melkiori kutafuta faraja, akamrudishia na kopo lake, na Melkiori akamfariji.

Bakili alipoondoka, Melkiori alilichukua lile kopo akalipuliza kwa mdomo. Pumzi haikwenda popote. Akaomba kopo la dereva mwingine, akalipuliza. Pumzi ikatokea pembeni mwa mfuniko.

Hapo akaelewa, wasikilizaji wapendwa. Moshi ukiingia kwenye kopo lazima upate pa kutokea. Yale kumi na matatu yalikuwa yakipumulia kwenye mfuniko, na yeye hakujua. Kopo la Bakili halikuwa na pa kupumulia. Moshi ukarudi kwa nguvu kwenye injini, ukaisukuma sili, oili ikaisha. Kopo baya lingeiokoa ile Pijo. Kopo zuri ndilo lililoiua.

Mjane wake, Mama Mektilda, mzazi wa Severa, alituambia siku ile Melkiori hakugusa chakula. Alisema, "Mama Severa, nimeiua injini ya Bakili kwa mikono yangu." Hakuna aliyejua. Hakuna ambaye angejua. Mama Mektilda hakutuficha alichomjibu. "Nilimwambia anyamaze. Nilisema hasara ishatokea, ukisema utapoteza na rafiki. Nilimwambia anyamaze, na leo naona aibu."

Melkiori hakunyamaza. Asubuhi alikwenda Magomeni kwa miguu, kopo mkononi, akaeleza kila kitu mlangoni pa Bakili. Bakili akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akaingia ndani, akafunga mlango.

Injini nyingine haikupatikana. Pijo ikawekwa juu ya mawe uani, na huko iko mpaka leo. Melkiori akaweka kigoda cha pili kwenye meza yake ya kazi na kumtumia Bakili salamu kwamba nafasi ni yake. Kigoda kilikaa kitupu miezi miwili. Watu wakataka kukikalia, akawakatalia. Mwezi wa tatu Bakili akaja, akakaa, akaokota mkasi wa bati. Hakusalimia.

Walifanya kazi pamoja karibu miaka miwili. Bakili akajua kukata, akajua kulehemu, watoto wakala. Walizungumza habari za bati na mkaa, zaidi ya hapo kidogo sana. Mara moja tu, mwaka jana, Melkiori aliweka kazi chini akamuuliza, "Bakili ndugu yangu, umenisamehe?"

Bakili akajibu, "Nipe koleo."

Melkiori akampa koleo. Hakuuliza tena.

Mwili ulisafirishwa kwa lori mpaka Rombo. Bakili alikaa nyuma ya lori pamoja na jeneza, safari nzima, na kaburi alishiriki kulichimba. Jana mchana alikuja hapa studio bila kualikwa, na vumbi la safari bado kwenye viatu. Alisema hana hotuba, ana neno moja tu, na anaomba tumsemee hewani. Nimeliandika kama alivyolitamka.

"Semeni kwamba nilimsamehe. Nilimsamehe siku ile ile nilipokikuta kigoda changu kitupu. Nilitaka tu asubiri kidogo."

Mama Mektilda, mwanao Severa, na ndugu wote wa Rombo na Mchafukoge, poleni sana. Mmempoteza mtu mkweli, na sisi tumempoteza pamoja nanyi. Mwenyezi Mungu ampumzishe mahali pema. Nawe ndugu Bakili, pole. Nakuambia pole hiyo kama mtu mwenye kosa kama lako, maana mimi pia nina kaka yangu Tanga ambaye sijamwandikia mwaka wa nne huu.

Wasikilizaji wapendwa, fikirini leo kama yuko mtu anayesubiri neno kutoka kwenu. Kama yuko karibu, mwende. Kama yuko mbali, andikeni.

Ndugu Bakili, ulichotutuma tumekifanya. Neno lako limesikika kutoka Masasi mpaka Bukoba. Watu wote wamelisikia, isipokuwa Melkiori.