Hinda Dekow na Sindano Aliyokataa Kuivunja

Ndugu, majirani na mliofanya kazi naye, assalaam aleikum. Marehemu hakupenda sifa za bure, kwa hivyo tutasoma yaliyotokea tu, nayo yanatosha.

Hinda alizaliwa Modogashe tarehe 9 Juni 1948, binti wa mhunzi Dekow Nuh na mkewe Raho, akasoma hapa Garissa hadi 1964, vita vya kutaka kujitenga vikiwa vimeshaanza huku kwetu, akiwa mfupi wa kimo na mrefu wa ulimi.

Oktoba 1966 wafugaji walikuwa wamekusanywa kwenye kijiji chenye ulinzi nje ya mji, moto wa wahunzi umepigwa marufuku kwa hofu ya silaha, na mvua za vuli ziko mlangoni. Awil Korane, kijana wa wafugaji hao, alitaka kumwoa Hinda, lakini mama yake Awil, Abshiro, alikataa katakata, maana mfugaji haoi kwa mhunzi, na hilo lilisemwa hata na waliobaki bila mbuzi mmoja wa kujivunia.

Abshiro alikuwa akishona mikeka ya kufunikia nyumba kwa sindano nene za waya uliopashwa moto jikoni, zikapinda moja baada ya nyingine. Hinda akachukua waya wa ua, akauvuta baridi kupitia matundu ya kipande cha chuma, kila tundu dogo kuliko lililotangulia, akampelekea sindano nyembamba. "Wallahi, huu ni unywele, utashona nini?" akauliza Abshiro. "Shona kwanza, eddo, utanicheka ukimaliza," akajibu Hinda, akimwita shangazi kwa heshima. Nyumba ikashonwa, mvua ikanyesha usiku kucha, tone halikuingia, na asubuhi Abshiro akasema waitwe wazee wakapose.

Hinda na Awil walifunga ndoa tarehe 12 Februari 1967, ndani ya nyumba hiyohiyo, wakajaliwa Kinsi na Noordin.

Mwaka 1974 Hinda aliingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusoma, akabaki huko kufundisha habari za metali hadi 2008. Aliwaambia wanafunzi kwamba ndani ya chuma mna punje kama za chumvi, moto huzikuza chuma kikalegea, kuvutwa baridi huzipasua zikawa ndogo, na palipo na mipaka mingi hakuna kitu kinachoteleza ovyo, kama lori la Liboi linavyosimamishwa kwenye kila kizuizi cha barabarani. Ila punje zikizidi udogo, aliongeza, nguvu hupungua tena, maana vizuizi vyenyewe huanza kuteleza, na hapo alicheka peke yake.

Abshiro alipofariki mwaka 1983, sindano ile ilikutwa imechomekwa kwenye shali yake, akiwa amemwachia mkwewe. Wenzake Hinda chuoni walimsihi aivute kwenye mashine hadi ikatike, wajue nguvu yake, naye aliyekwisha kukata nyaya zisizohesabika alikataa, akisema hiyo ilishapimwa na mama mkwe, na mashine kali kuliko huyo haijatengenezwa.

Aliugua figo tangu 2009, akafariki hapa Garissa tarehe 3 Mei 2011. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia alipowasahihisha, majirani waliokesha nasi, na walimu wenzake waliosafiri kutoka Nairobi.

Kinsi, sindano ni yako sasa, usiwape wenye mashine.

Mama Hinda, umeshamaliza kushona, pumzika, Mola akupe kaburi pana lisilovuja.